Asiyekuwapo na Lake Lipo



Jumamosi alasiri katika mitaa yetu huwa na sauti yake. Kabla ya kuuona uwanja, mtu husikia filimbi ya mwamuzi, kelele za watoto walioketi juu ya ukuta, na kocha akiwaita wachezaji wake kwa majina ya utani ambayo mama zao hawayajui. Mwezi wa Machi 2020 sauti hiyo ilikatika. Tarehe 13 mwezi huo Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa zifungwe, na tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Michezo ikasimamishwa. Milango ya makanisa yetu nayo ikafungwa.

Hatulalamiki kwamba michezo ilisimamishwa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Wapo ndugu zetu tuliowazika tukiwa watu wachache kando ya kaburi, bila kuwaaga kama ilivyo desturi yetu. Serikali inayolinda uhai inatimiza wajibu wake, na raia anayetii amri ya kulinda uhai wa jirani anatenda tendo la upendo. Hilo tulilisema wakati ule na tunalisema hata leo.

Amri ya kutotoka nje iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, baada ya karibu miezi kumi na tisa. Miaka imepita tangu hapo, na mpira umerudi. Kwa nini basi tuzirudie habari ambazo wengi wangependa kuzisahau? Ni kwa sababu tuliwashangilia waliorudi uwanjani, lakini hatukuwahesabu wasiorudi. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo inaeleza vyema jinsi dunia inavyokwenda: fungu la asiyekuwapo hugawanywa na waliopo. Lakini si kila jambo linaloelezwa na methali ni jambo la haki. Kazi ya haki huanza pale mtu anaposimama katikati ya waliopo na kuuliza: yule mwingine yuko wapi, na fungu lake limewekwa wapi?

KILICHOFUNGWA HAKIKUWA MCHEZO TU

Wako wanaodhani kwamba klabu ya mtaa ni mahali pa vijana kupitishia wakati. Ingekuwa hivyo, hasara ya kuifunga ingekuwa ndogo. Lakini tuitazame klabu hiyo kwa makini. Ina mpira mmoja au miwili. Ina jezi zinazofuliwa kwa zamu, na viatu vinavyoazimwa na kurudishwa. Ina kocha asiye na mshahara, ambaye asubuhi alikuwa kwenye kibarua cha ujenzi na jioni anasimama kando ya uwanja na filimbi shingoni. Zaidi ya hayo, klabu hiyo ina kitu ambacho taasisi nyingi kubwa hazina: daftari la majina linalosomwa kila siku. Kocha anajua nani hakuja jana. Anajua ni yupi aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya karo, na ni yupi anayekuja mazoezini bila ya kula. Kijana asiyeonekana siku mbili hufuatwa kwao. Je, ni watu wangapi katika mitaa yetu yenye maelfu ya wakazi wanaomfuata mtoto wa mwenzao siku ya pili tu?

Tunao mfano unaojulikana hata nje ya nchi. Mwaka 1987, katika mitaa ya Mathare jijini Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kwa kifupi kama MYSA. Watoto waliokuwa wakipiga mipira ya karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba walipewa ligi yao wenyewe. Ligi hiyo ilikuwa na sharti moja la ajabu: timu hupata pointi kwa kufunga mabao, na hupata pointi pia kwa kusafisha mitaro na kuondoa takataka katika mtaa wake. Timu iliyozembea katika usafi iliweza kupitwa na timu dhaifu zaidi uwanjani. Mwaka 1992 wasichana nao walianza kucheza katika ligi hizo. Kutoka katika kazi hiyo ilizaliwa klabu ya Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 klabu hiyo ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Huko pwani, Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limetumia kandanda kuwakusanya wasichana ambao hapo awali waliambiwa kwamba uwanja si mahali pao, na kuwafundisha uongozi, afya na haki zao.

Mifano hii inatuonyesha nini? Inatuonyesha kwamba klabu ya mtaa ni shule ya manufaa ya wote. Mtoto hujifunza kwamba haki huenda pamoja na wajibu. Kwamba kanuni ni moja kwa mkubwa na kwa mdogo. Kwamba anayeshindwa leo humpa mkono aliyemshinda na kurudi wiki ijayo. Tena hujifunza kumpasia mpira mtu wa kabila asilolijua. Sisi tulioyaona yaliyotokea mitaani baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tunajua thamani ya somo hilo. Mtu ambaye umecheza naye upande mmoja kwa miaka mitatu ni vigumu kuambiwa kwamba ni adui yako.

Basi mwaka 2020 ulipofunga viwanja, ulifunga pia daftari lile. Kwa miezi mingi hakuna aliyeita majina.

JINSI MLANGO ULIVYOFUNGULIWA

Mlango uliofungwa kwa wote siku moja haukufunguliwa kwa wote siku moja. Michezo ambayo wachezaji hawagusani, kama gofu na tenisi, iliruhusiwa kabla ya kandanda. Sababu ya kitabibu ilikuwapo, wala hatuipuuzi: watu wanaocheza mbali mbali hawaambukizani kwa urahisi. Lakini tukumbuke pia ni nani huicheza michezo hiyo, na ni nani mwenye ekari nyingi za nyasi za kukaa mbali na mwenziwe. Kanuni yaweza kuwa sahihi kwa mujibu wa sayansi, na bado ikamwangukia maskini kwa uzito ambao tajiri hauhisi. Haki haitaki kanuni hiyo ifutwe. Inataka aliyeelemewa asaidiwe kubeba.

Kandanda lenyewe lilirudi kwa ngazi. Shirikisho lilikuwa limeimaliza ligi kuu mwishoni mwa Aprili 2020 na kuitangaza Gor Mahia kuwa bingwa. Mwezi wa Novemba timu ya taifa ilicheza na Komoro jijini Nairobi, na baada ya hapo msimu mpya wa ligi kuu ukaanza. Kisha, tarehe 26 Machi 2021, maambukizi yalipopanda tena, Rais aliifunga Nairobi pamoja na kaunti za Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, na michezo ikasimamishwa mara ya pili. Ilirudi mwezi wa Mei.

Kurudi huko kulikuja na masharti: kupima joto la mwili, kunawa mikono, kutumia dawa ya kuua viini, kupima wachezaji, kuweka kumbukumbu. Masharti hayo yalikuwa ya maana. Lakini yaliandikwa kana kwamba kila klabu ina ofisi, mhasibu na bomba la maji. Klabu ya mtaa haina bomba. Hununua maji kwa mtungi, kama wanavyonunua wazazi wa wachezaji wake. Kifaa cha kupima joto kingemaliza fedha za mpira, na mpira wenyewe ulikuwa umekwisha kupasuka. Hivyo viongozi waaminifu, wasiotaka kuvunja amri, waliendelea kungoja. Watoto hawakungoja. Walicheza vichochoroni, bila kocha, bila daftari, wakikimbia walipoliona gari la polisi. Kipindi kile ambacho mtoto alihitaji zaidi mtu mzima wa kumwangalia ndicho kipindi alichofundishwa kumkimbia mtu mzima.

Nasi tusijitoe katika lawama. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa mwezi wa Julai 2020, kwa watu wasiozidi mia moja na kwa muda wa saa moja, walioambiwa wabaki nyumbani ni wazee waliozidi miaka 58 na watoto walio chini ya miaka 13. Mtoto hakuwa na shule, hakuwa na uwanja, na Jumapili hakuwa na kanisa. Wazee tuliwapelekea salamu na chakula, angalau katika baadhi ya Jumuiya. Watoto je? Ni wangapi kati yetu waliokumbuka kwamba mtoto naye amefungiwa?

MAJINA YASIYOITIKIWA

Siku ya kurudi ilipofika, makocha walifungua madaftari yao na kuita. Wale tuliozungumza nao katika parokia zetu wanaikumbuka siku hiyo kwa furaha na kwa uchungu pamoja. Waliorudi walikuwa wamerefuka, na viatu vya zamani havikuwaingia. Lakini kila daftari lilikuwa na majina yasiyoitikiwa.

Baadhi ya familia zilikuwa zimerudi mashambani baada ya kushindwa kulipa kodi ya nyumba. Hao walau walijulikana walikokwenda. Baadhi ya wavulana walikuwa wamepata kazi: kusukuma mikokoteni, kuosha magari, kubeba mchanga. Mvulana wa miaka kumi na minne aliyekwisha kuonja fedha ya siku, na ambaye fedha hiyo ndiyo inayonunua unga nyumbani, haambiwi kwa maneno matupu arudi shuleni na mazoezini. Wengine walikuwa wameingia katika makundi ambayo nayo yana daftari lao, lakini la namna nyingine.

Majina ya wasichana ndiyo yaliyokosa kuitikiwa kwa namna inayotuaibisha zaidi. Utafiti uliofanywa Siaya na kuchapishwa mwaka 2022 uliwalinganisha wasichana waliomaliza sekondari kabla ya janga na wale waliokutwa na kufungwa kwa shule. Kwa hawa wa pili, hatari ya kupata mimba kabla ya kumaliza masomo ilikuwa mara mbili, na hatari ya kuacha shule ilikuwa mara tatu. Shule zilifunguliwa kwa madarasa machache tarehe 12 Oktoba 2020, na kwa wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Wasichana kadhaa walikuwa wamekwisha kuwa mama. Timu za wavulana, hata zikipungua, zilijaza nafasi na kuendelea. Timu ya wasichana ikibaki na wachezaji saba hufa, na wale saba nao hurudi nyumbani.

Hapo ndipo methali ile ilipotimia. Msichana hakuwapo, basi jezi yake alipewa mwingine. Timu yake haikuwapo, basi saa yake ya uwanja ilichukuliwa na wavulana. Hakuna aliyeketi na kuamua kumdhulumu. Waliopo waligawana tu kilichokuwapo. Dhuluma nyingi katika jamii yetu hutendeka kwa njia hiyo, bila mtu mbaya anayeonekana, na ndiyo maana ni vigumu kuikemea.

UWANJA NI MALI YA NANI?

Kuna jambo jingine lisilopenda watu wengi. Uwanja usiochezewa huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Nyasi zikiota na magoli yakianguka, huja mtu na kuegesha lori; kesho huja mwingine na kibanda cha mabati; keshokutwa ukuta hujengwa usiku, na mchana hutokea karatasi yenye muhuri. Wanyakuzi wa ardhi hawakuanza kazi yao wakati wa korona. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, vikiwamo viwanja vya michezo, ilivyogawanywa kinyume cha sheria kwa miaka mingi. Mwezi wa Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa mabomu ya machozi wakiudai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Watoto hao walikuwapo. Kama wasingekuwapo, uwanja ule ungekuwa wa nani leo?

Ulinzi wa kwanza wa uwanja wa umma ni miguu ya watoto wanaoukanyaga kila jioni. Ulinzi wa pili ni sheria, nayo tunayo. Katiba ya mwaka 2010 imeziachia serikali za kaunti wajibu wa viwanja na huduma za michezo na burudani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unaitambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Kucheza, kwa hiyo, si zawadi anayopewa mtoto na mkubwa mwenye moyo mwema. Ni haki, na haki hudaiwa.

Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, na fainali ilichezwa Kasarani kati ya Moroko na Madagaska. Nchi hizo hizo tatu zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Viwanja vikubwa vilitengenezwa, nyasi zikapandwa, taa zikawekwa. Lakini wachezaji hawaoti Kasarani. Huota kwenye viwanja vya vumbi vya Huruma, Korogocho, Likoni na Manyatta. Nchi inayojenga jukwaa la watazamaji maelfu na kuuacha uwanja wa mtaa unyakuliwe ni kama mkulima anayejenga ghala na kuuza shamba.

JEZI ZENYE PICHA

Klabu nyingi zilifufuka mwaka 2021 zikiwa hazina kitu, na uchaguzi mkuu wa Agosti 2022 ulikuwa umekaribia. Sote tuliyaona yaliyofuata. Mashindano ya kombe yalichipuka kila wadi. Magari yalishusha mipira na jezi, na katika kifua cha jezi kulikuwa na picha ya mgombea. Klabu iliyokuwa ikiomba ndoo ya kunawia mikono bila kujibiwa ilijibiwa sasa kwa wingi kuliko ilivyoomba. Hatusemi kwamba kila aliyetoa alikuwa na nia mbaya. Twasema kwamba msaada unaokuja na picha hudai malipo. Vijana waliovikwa jezi asubuhi waliombwa wapige kelele mkutanoni jioni, na baadhi waliombwa zaidi ya kelele. Uchaguzi ulipopita, wafadhili wengi walipita nao.

Mwenye njaa hachagui mkono unaomlisha. Kama hatutaki vijana wetu wanunuliwe kwa jezi, hatuna budi kuhakikisha kwamba hawako uchi.

Wala viongozi wa mchezo wenyewe hawakutupa mfano mwema. Mwezi wa Novemba 2021, kutokana na madai ya matumizi mabaya ya fedha, Wizara ya Michezo iliivunja kamati ya Shirikisho la Kandanda. FIFA ikaisimamisha Kenya mwezi wa Februari 2022, na ikairudisha mwezi wa Novemba. Kati ya hapo nchi yetu iliondolewa katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Wachezaji waliokwisha kupoteza msimu kwa sababu ya ugonjwa walipoteza mwingine kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Tunataja jambo hili kwa sababu kosa la juu hufanana na kosa la chini. Klabu ya mtaa isiyo na kitabu cha fedha, ambayo mwenyekiti wake ndiye mweka hazina na ndiye kocha, ni shirikisho dogo linalongoja kuvunjwa.

TUJIHOJI WENYEWE

Ni rahisi kuelekeza kidole kwa serikali na kwa wanasiasa. Lakini viwanja vingi ambavyo watoto wa mitaa walivitumia kabla ya mwaka 2020 vilikuwa ndani ya ua wa parokia na wa shule zake. Tunaijua parokia moja ambayo lango lake lilifungwa wakati wa janga, na ilipofunguliwa uwanja wa watoto ulikuwa umegeuzwa kuwa maegesho ya magari ya waamini. Kamati ilitoa sababu nzuri: usalama, utulivu, mapato ya kukodisha mahema. Hakuna aliyekumbuka kuwauliza watoto, na watoto hawana kiti katika kamati. Tukiwalaumu wanyakuzi wa mjini, tuyatazame kwanza mabati ya uani kwetu.

Tujihoji pia kuhusu usalama wa watoto wanaokabidhiwa makocha. Kocha mwema ni hazina. Lakini penye mtoto mhitaji na mtu mzima mwenye uwezo wa kumpa au kumnyima nafasi, kanuni zahitajika: mazoezi yafanyike mahali pa wazi, msichana asiitwe peke yake nyumbani kwa kocha, na mtoto ajue ni nani wa kumwendea akitendewa vibaya. Kurudi uwanjani bila ya kanuni hizo ni kurudi katika hatari nyingine.

TUFANYE NINI?

Tume yetu inatoa mapendekezo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa parokia ya kawaida.

Kwanza, daftari lifunguliwe upya. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ishirikiane na makocha wa mtaa wake, bila kubagua dini wala kabila, kuandika majina ya watoto na vijana waliokuwa wakicheza kabla ya Machi 2020 na hawakurudi. Wengi wao ni watu wazima sasa. Hata hivyo waulizwe waliko na wanachohitaji. Aliyeacha shule aweza kusaidiwa kupata ufundi; aliyekuwa mchezaji aweza kufundishwa uamuzi au ukocha; mama kijana aweza kurudi uwanjani kama yuko wa kumshikia mtoto kwa saa mbili.

Pili, saa za uwanja zigawanywe kwa haki, na fungu la wasichana liandikwe ukutani. Saa hiyo isichukuliwe hata kama wamekuja watano tu. Fungu lililotengwa ndilo linalomwita mwenyewe arudi.

Tatu, kila uwanja wa umma ulio ndani ya mipaka ya parokia ujulikane hati yake. Viongozi wa walei waende katika ofisi za ardhi na za kaunti, waulize kwa barua, wahifadhi nakala ya jibu. Barua moja yenye muhuri wa kupokelewa, iliyoandikwa kabla ya ukuta kujengwa, ina nguvu kuliko maandamano kumi baada yake. Parokia nazo zitangulie kwa kufungua malango yao.

Nne, klabu zisaidiwe kujisajili kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, kuwa na kitabu cha mapato na matumizi kinachosomwa mbele ya wachezaji, na kuweka akiba ndogo ya dharura. Michango iwe midogo na ya wengi, ili pasiwe na mmoja wa kudai kifua cha jezi. Maradhi mengine yaweza kuja. Klabu yenye ndoo za maji, sabuni na orodha ya simu za wazazi haitangoja miezi kumi na tisa kuuliza watoto wake wako wapi. Viwanja vyaweza kufungwa tena kwa sababu njema; daftari lisifungwe.

Wapendwa, Jumamosi ijayo pitieni kwenye uwanja wa mtaa wenu. Wapongezeni wanaocheza, maana wamevumilia mengi. Kisha mwendeeni kocha, mwombeni awaonyeshe lile daftari la zamani kama bado analo, na mchague jina moja lisiloitikiwa. Jina hilo lina mama, lina mlango, na mlango huo si mbali.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA JUMUIYA

1. Ni watoto au vijana gani wa Jumuiya yetu walioacha kucheza au kusoma wakati wa janga na hawakurudi? Ni nani aliyewafuata?

2. Uwanja ambao watoto wetu wanauchezea ni mali ya nani? Ni nani kati yetu aliyewahi kuiona hati yake?

3. Wasichana wa mtaa wetu wana siku na saa gani za kuutumia uwanja? Ni nani aliyezipanga?

4. Klabu yetu ilipata msaada kutoka kwa nani mwaka wa uchaguzi uliopita, na iliombwa nini badala yake?

5. Ni jambo gani moja ambalo Jumuiya yetu itatenda kabla ya mwezi huu kwisha, na ni nani atakayetuletea habari zake?